Jua la saa sita na ngozi isiyo na kinga

Huanza na kipele kikavu. Hutokea kwenye ncha ya sikio, kwenye mdomo wa chini, au nyuma ya shingo pale kola ya shati isipofika. Ukipitisha kidole unakihisi kabla hujakiona. Hakiumi. Kinatoa gamba, gamba linabanduka, baada ya wiki mbili tatu linarudi, na mwenye nacho anaendelea na shughuli zake, maana nani atafunga safari ya hospitali kwa kitu kisichomkosesha usingizi? Kwa mtu mwenye ualbino anayeishi kando ya Ziwa Victoria au kwenye mbuga za Shinyanga, kipele cha namna hiyo kinaweza kumtokea angali mwanafunzi. Daktari wa ngozi akikiwahi, atakigusisha naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache. Kitavimba, kitakauka, kitadondoka, na mgonjwa atakuwa amerudi nyumbani siku ileile.

Visipowahiwa, baadhi ya vipele hivyo hugeuka saratani. Hapo mambo huwa mengine: upasuaji, pengine tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam au Hospitali ya Bugando kule Mwanza, nauli, malazi, na wiki nyingi mbali na shamba na watoto. Wapo wanaofika uvimbe umeshamaliza sikio zima.

Tanzania ina watu wengi wenye ualbino ukilinganisha na nchi nyingi duniani. Makadirio yanayotumika sana ni mtu 1 kati ya 1,400, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Dunia iliwajua ndugu zetu hawa kupitia mapanga. Hadi mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000, kwa imani ya kishenzi kwamba viungo vyao huleta utajiri. Aibu ile haifutiki. Lakini Ikponwosa Ero, mwanasheria wa Nigeria mwenye ualbino ambaye mwaka 2015 aliteuliwa kuwa mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ualbino, amesisitiza pia kwamba saratani ya ngozi ni miongoni mwa hatari kubwa kabisa kwa uhai wao. Jua halifikishwi mahakamani, na anayekufa kwa sababu yake haandikwi ukurasa wa kwanza. Uchungu zaidi ni kwamba vifo hivi vinazuilika, na njia za kuvizuia zinajulikana.

Ili tuelewe namna ya kuvizuia, tuanze na jua lenyewe. Mwaka 1801, mjini Jena nchini Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter aliipitisha nuru ya jua kwenye prizimu hadi rangi zake zikajipanga, nyekundu upande huu na urujuani upande ule. Akaweka kloridi ya fedha, chumvi ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na nuru. Iliyowahi kugeuka ni ile aliyoiweka nje ya urujuani, mahali ambapo jicho halikuona chochote. Kumbe jua lina sehemu isiyoonekana, na sehemu hiyo ina nguvu. Ndiyo tunayoiita mionzi ya urujuanimno.

Wanasayansi wameigawa mionzi hiyo mafungu matatu: A, B na C. C ndiyo kali kuliko zote, lakini haitufikii. Tabaka la ozoni na hewa ya juu huimaliza yote. Ozoni hiyohiyo hupunguza sehemu kubwa ya B. Inayotua juu yetu kwa wingi ni A, kiasi cha asilimia 95 ya urujuanimno wote unaofika ardhini. Msomaji asije akadhani kwamba B, kwa kuwa ni kidogo, haina neno. Hiyo kidogo ndiyo inayounguza ngozi, na ndiyo yenye lawama kubwa katika saratani.

Mionzi B ikiingia ndani ya seli ya ngozi humezwa na DNA, ule uzi unaobeba maelekezo yote ya seli. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne za kikemia, na kila herufi hushikana na mwenzake wa upande wa pili. Mionzi ikipiga mahali ambapo herufi mbili za aina ya thaimini zimekaa jirani, hizo mbili huachana na wenzao zikashikana zenyewe kwa zenyewe. Uzi unapinda. Seli inapotaka kujigawa na kunakili maelekezo yake, inafika kwenye kona hiyo na kukosea. Kosa moja halileti saratani. Lakini makosa yakirundikana mwaka hadi mwaka, likiwamo moja linaloharibu maelekezo ya kuizuia seli isizaliane ovyo, uvimbe unaanza.

Mwili haukai tu kutazama. Ndani ya kila seli kuna vimeng'enya vinavyopita kukagua uzi, kukata kipande kilichopinda na kujaza kipya. Kazi ya kuchunguza jinsi seli inavyokarabati DNA yake ndiyo iliyowapa Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Umuhimu wa ukarabati huo unaonekana kwa watoto wachache wanaorithi ugonjwa uitwao xeroderma pigmentosum, ambamo mafundi hao wa ndani hawafanyi kazi. Watoto hao hupata saratani ya ngozi mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 10, na wazazi wao hulazimika kuwalea mbali kabisa na mwanga wa mchana.

Mionzi A nayo ina kazi yake. Huzama ndani zaidi, ikafika kwenye nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara, ikazichakaza. Tena hupenya kioo, jambo ambalo B haiwezi. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England nchini Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa kawaida kwa umri wake. Wa kushoto, uliokuwa dirishani siku zote, ulikuwa umejaa mikunjo mizito na vinundu, ungedhani ni uso wa mtu mwingine aliyemzidi umri. Kwetu dereva hukaa kulia. Madereva wetu wa malori wajitazame upande huo.

Sasa, kwa nini basi wavuvi, wakulima na wachimbaji wetu weusi hawajai kwenye wodi za saratani ya ngozi? Jibu ni melanini. Idadi ya seli zinazoitengeneza haitofautiani sana kati ya Msukuma, Mhindi na Mswidi. Tofauti iko kwenye kiasi na aina ya melanini inayotengenezwa, na jinsi inavyogawanywa. Hufungashwa kwenye vifuko vidogo mno, vikakabidhiwa seli za tabaka la juu la ngozi, navyo hujikusanya juu ya kiini cha seli, upande unaotazama jua, kama mwavuli. Chini yake DNA inakaa salama kwa kiasi kikubwa.

Mtu mwenye ualbino anazo seli hizo za kutengeneza melanini. Kinachokosekana ni bidhaa. Aina ya ualbino inayoonekana zaidi Afrika Mashariki na Kusini inatokana na hitilafu katika kinasaba kiitwacho OCA2. Mtoto huwa na ualbino akirithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili, na kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa bado zipo nyumba ambako mama hufukuzwa na mtoto wake mgongoni, baba akidai damu hiyo si yake. Ni yake. Bila mchango wake mtoto asingezaliwa hivyo.

Mtoto huyo sasa amezaliwa mahali ambapo jua halina simile. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa urujuanimno: kikifika 3 mtu anashauriwa kujikinga, na kikifika 11 huhesabiwa kuwa umekithiri. Kwenye ukanda wa ikweta, mchana wa anga safi huvuka 11 mara kwa mara. Dar es Salaam jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Mwanza iko jirani zaidi na ikweta, tena juu ya mwinuko wa mita 1,100 na kitu, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza urujuanimno kwa takriban asilimia 10 kwa kuwa hewa ya kuuchuja imepungua.

Na hapa ndipo wengi tunapopotea: tunalipima jua kwa joto. Urujuanimno hauna joto la kuhisiwa. Nenda mwalo wowote wa dagaa, Ukerewe kwa mfano, kisiwa chenye jamii inayojulikana ya watu wenye ualbino. Upepo wa ziwa unapuliza, wingu jepesi limetanda, mwili umepoa, kanga imefungwa kiunoni, mabega wazi. Wingu jepesi huruhusu sehemu kubwa ya mionzi hiyo kupita. Mchanga ambao dagaa wameanikwa hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya mionzi inayoupiga, kwa hiyo hata aliyevaa kofia anapigwa kidevuni na chini ya pua kutoka chini. Anayejua atakwambia: usiulize kama kuna joto, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali, kuwe na upepo, kuwe na wingu. Kwetu hiyo ni kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Hizo saa ni za nini katika maisha ya mtoto? Ni za shule. Kama kuna mahali pa kuokolea ngozi ya mtoto mwenye ualbino, ni pale, na kama kuna mahali pa kuiharibia, ni palepale. Sare ya shule ya msingi kwa kawaida ni shati la mikono mifupi na kaptula, au sketi ya magotini. Kofia nyingine hazina ukingo, au hazitakiwi kabisa kwa kisingizio cha nidhamu. Mstarini watoto wanasimama uwanjani. Michezo ni uwanjani. Shamba la shule, kuchota maji, adhabu ya kupiga magoti, vyote uwanjani. Darasani mtoto huyu amekaa nyuma na haoni ubao, maana kukosa melanini huathiri pia macho. Anaposogea dirishani apate mwanga wa kusomea, jua linamfuata hukohuko.

Marekebisho yake hayahitaji mfadhili. Shati la mikono mirefu na suruali au sketi ndefu ya kitambaa kilichofumwa kwa uzi uliobana. Inua kitambaa utazame jua, kikipitisha mwanga mwingi hakifai. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, wa kufunika masikio na shingo. Kapelo haifai, kwa kuwa huacha wazi masikio na shingo, palepale ambapo vipele huanzia. Kuhamishia michezo na kazi za nje asubuhi mapema au jioni. Kumkalisha mbele, mbali na dirisha lenye jua. Mwalimu mkuu anaweza kuyaamua haya yote kwa barua moja.

Losheni ya kinga ya jua inakuja baada ya nguo, na naomba nieleweke: baada yake, wala si badala yake. Namba iliyoandikwa kwenye chupa inaonyesha jinsi losheni inavyozuia mionzi B inayounguza. Yenye namba 30 huzuia takriban asilimia 97, lakini kwa masharti: upake ya kutosha, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, au mapema zaidi ukitoka jasho. Uso na shingo vya mtu mzima vinataka kijiko kizima cha chai. Watu wengi hupaka nusu ya hicho, au pungufu, hivyo kinga wanayoipata ni ndogo kuliko namba waliyoisoma. Piga hesabu. Kijiko cha chai ni mililita 5. Uso na shingo tu, mara mbili kwa siku, ni mililita 10. Chupa ya mililita 100 inakwisha siku ya kumi. Ukiongeza mikono na miguu iliyo wazi, haimalizi wiki. Familia inayotegemea kuuza mahindi haiwezi kununua losheni ya dukani ya namna hiyo mwezi baada ya mwezi, hata ikijinyima.

Ndiyo maana kazi inayofanyika Moshi inastahili kusemwa. Pale hospitali ya KCMC, kando ya kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kilichoanza mwaka 1992, kuna kitengo kidogo cha kutengeneza losheni iitwayo Kilisun. Ilianzishwa na mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani ikachangia utaalamu na malighafi. Imetengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kwenye kliniki zinazotembea vijijini, ambako mtu huvua shati, akakaguliwa mwili, vipele vyake vikagandishwa palepale, akafundishwa namna ya kupaka. Nchini Kenya serikali hugawa losheni bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mipango hii imeonyesha kwamba inawezekana. Lakini kwa maoni yangu haitoshi losheni itegemee huruma ya wafadhili au ratiba ya gari la kliniki. Hii ni dawa. Inapaswa kuwapo kwenye zahanati ya kijiji, kwenye rafu moja na dawa za malaria, na isikatike.

Nasi wenye melanini tusijione tumemaliza. Ngozi nyeusi huungua pia, ila wekundu hauonekani kirahisi. Nuru ya kawaida inayoonekana, hasa ya buluu na urujuani, huweza kuongeza madoa meusi ya usoni kwenye ngozi zenye rangi, yale yanayowapata sana wajawazito, na losheni nyeupe ya kawaida haiizuii vizuri. Yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, hufanya vizuri zaidi. Zipo dawa zinazoifanya ngozi iumizwe na jua upesi, mojawapo doksisaiklini, ambayo wengi huinunua duka la dawa bila kuambiwa hilo. Na ipo saratani ya ngozi ya weusi isiyohusiana na jua, inayoanzia kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ilianzia kwenye kidole cha mguu. Hiyo haizuiliwi na losheni. Huwahiwa kwa kukagua miguu.

Kinachonikera zaidi ni mkorogo. Haidrokwinoni iliyomo kwenye krimu nyingi za kujichubua hukizuia kile kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na zebaki, inayotiwa kwenye baadhi yake, hufanya vilevile huku ikiharibu figo. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimezipiga marufuku, lakini bado zinauzwa. Mtu mwenye ualbino angefurahi kupata nusu tu ya kinga tuliyozaliwa nayo, nasi tunalipa fedha kuiondoa, kisha tunatoka na ngozi iliyochubuka kwenda sokoni jua la saa saba. Baada ya miaka, haidrokwinoni huwaachia wengine madoa ya weusi wa bluu kwenye mashavu, ambayo jua huyazidisha na daktari hana dawa ya uhakika ya kuyatoa.

Haya yote hayafanyi jua kuwa adui. Mionzi B hiyohiyo ndiyo inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi, na mtoto anayefichwa ndani muda wote anaweza kupata matege. Mdenmaki Niels Finsen alipata Nobel ya tiba mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa nuru. Kichanga mwenye umanjano hulazwa chini ya taa za buluu, nuru ikapenya ngozi na kuibadilisha sumu ya manjano hadi mwili uweze kuitoa. Daktari hupima kiasi cha nuru hiyo, mahali pa kuielekeza na muda wake. Mtoto mwenye ualbino anayepiga magoti uwanjani saa sita mchana hakupimiwa na mtu.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu, jirani: kama nyumbani au darasani kwako yuko mtoto mwenye ualbino, mkague leo. Tazama nyuma ya masikio, mdomo wa chini, shingo, migongo ya mikono. Ukikuta kipele kikavu kinachorudi palepale, au kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, usipake kitu na usingoje kivunde. Mpeleke akaonwe na mtaalamu wa ngozi. Hata kama hana kipele, apelekwe kukaguliwa kila baada ya miezi sita, na kesho asubuhi asitoke bila kofia pana na shati la mikono mirefu.